JINSI YA KUPIGA PICHA NZURI: MAFUNZO KWA WANAOANZA



Kila mwaka baada ya mahafali tunaletewa picha nyingi za kuchagua kwa ajili ya jarida. Nyingi hazifai: nyuso zimekuwa nyeusi, picha imetikisika, au watoto wamekatwa vichwa. Na katika nyumba zetu, kuanzia Mbagala hadi Bunju, zipo familia ambazo bibi amefariki na picha yake iliyobaki ni moja tu, tena sura haionekani vizuri. Simu zilikuwepo. Kilichokosekana ni kutazama kabla ya kubonyeza.

Tunafahamu kwamba maulamaa wamekhitalifiana kuhusu picha. Wapo waliozikataza, na wapo walioruhusu picha za kamera, kama Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, ambaye hoja yake ilikuwa kwamba kamera huzuia kivuli tu, haiumbi kitu. Mwenye kutaka kujua zaidi na amuulize sheikh wake. Sisi hapa tunaeleza namna ya kupiga.

Kwanza, mwanga. Mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965, alieleza katika Kitab al-Manadhir kwamba tunaona kwa sababu mwanga hutoka kwenye vitu na kuingia machoni. Kamera nayo hufanya kazi hivyo hivyo. Kwa hiyo kabla ya kupiga, jiulize: mwanga unatoka wapi? Hapa Dar es Salaam jua la mchana hukaa karibu na utosi. Macho huingia kivulini, na mwenye kofia hufunikwa nusu ya uso. Piga asubuhi, au baada ya Alasiri. Ikilazimu mchana, wapeleke watu barazani au chini ya mwembe. Jihadhari na turubai la bluu au la kijani, maana hupaka nyuso rangi yake. Ndani ya nyumba, mtu aelekee dirishani, asilipe mgongo.

Pili, nguo zetu. Kamera ikiona kanzu nyeupe nyingi hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na nyuso zikawa nyeusi. Ikiona mabuibui meusi hufanya kinyume chake, na nyuso zikafifia. Dawa yake ni nyepesi: gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu, nayo itapima mwanga wa pale.

Tatu, utulivu. Futa lenzi kwa kitambaa laini cha pamba, kwani simu hushikwa na mikono yenye mafuta. Shika kwa mikono miwili, viwiko vikae mbavuni. Ukitaka kitu kiwe kikubwa, sogea karibu. Usivute picha kwa vidole, maana hupoteza ubora.

Nne, tazama nyuma na pembeni. Nguzo ya umeme isimee kichwani mwa ustadhi, wala kamba ya nguo isipite shingoni mwa bwana harusi. Ukimpiga mtoto, chuchumaa ulingane na macho yake. Kundi likiwa kubwa, piga mara tatu au nne, kwani hakosekani aliyefumba macho.

Tano, idhini. Qur'ani katika Suratun-Nuur, aya ya 27, imetufundisha kubisha hodi kabla ya kuingia nyumba za watu. Basi na picha ina hodi yake. Muulize mtu kabla ya kumpiga, na umuulize tena kabla ya kuituma kwa wengine. Picha ya dada aliyevua mtandio akiwa na wenzake ndani, ikishatumwa kwenye simu moja, hairudi tena. Picha ni amana.

Pengine mwanafunzi atasema hana kamera nzuri. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia hapa Dar es Salaam, na akaanza utotoni kwa kamera duni ya sanduku aina ya Brownie. Mwaka 1978 kilitoka kitabu chake cha picha za Hija, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliiamsha dunia nzima ikatoa misaada. Mwaka 1991 alipoteza mkono kwa mlipuko huko Addis Ababa, akaendelea na kazi hadi alipofariki katika ajali ya ndege karibu na Komoro mwaka 1996.

Zoezi la nyumbani: chukua bilauri, iweke dirishani, uipige asubuhi, adhuhuri na baada ya Alasiri kwa muda wa siku 7. Zipange picha zako na uzilinganishe. Kisha muombe ruhusa bibi yako, umkalishe barazani jioni, umpige.