SANDUKU LA SANTURI LILILOHARIBIKA: LINUNULIWE AU LIACHWE?

Mwaka 1942, Marekani ikiwa tayari imeingia katika Vita Kuu ya Pili, serikali yake ilisimamisha utengenezaji wa jukiboksi, yaani yale masanduku makubwa ya santuri yanayopiga wimbo baada ya mtu kutumbukiza sarafu na kubonyeza kitufe. Kampuni ya Rock-Ola ya mjini Chicago, iliyokuwa imejipatia sifa kwa masanduku hayo, ikageukia kazi ya silaha, ikatengeneza karabini za M1 zipatazo 228,500. Vita vilipokwisha ikarudia muziki.

Habari hiyo inatufaa sisi watu wa silaha. Mtambo uliotoka katika karakana za namna hiyo yapasa ukaguliwe kama silaha inavyokaguliwa: kwa utaratibu, kipande kwa kipande, pasipo kudanganywa na mng'aro wa nje wala kuvunjwa moyo na kutu. Masanduku hayo ya zamani, mengi yakiwa mabovu, yangali yanauzwa na kununuliwa. Askari anayekaribia kustaafu na kufungua mkahawa, au kamati ya mesi inayotafuta burudani ya askari wake, huweza kuonyeshwa moja lililofunikwa turubai ghalani. Fedha itakayotolewa ni kiinua mgongo cha utumishi wa miaka mingi, au ni michango ya watu wa vyeo vyote. Kwa hiyo uamuzi huo haufai kufanywa kwa pupa.

KUKWAMA NA KUPUNGUKIWA

Jambo la kwanza kulitambua ni kwamba ukimya wa sanduku si kipimo cha ubovu wake. Bunduki iliyokwama kwa uchafu husafishwa ikarudi kazini. Isiyo na bolti ni chuma tu. Ndivyo ilivyo kwa jukiboksi. Grisi iliyotiwa miongo mingi iliyopita huganda ikawa kama gundi, na mota huvuma pasipo kuzungusha kitu. Mnunuzi huogopa, kumbe dawa yake ni kusafisha na kulainisha upya. Sindano, balbu, mipira, na vali za kikuza sauti ni vitu vya kuchakaa, na vingi hupatikana kwa wauza vipuri.

Lililo zito ni upungufu. Kagua kama mkono wa kubebea santuri upo, kama gia zote zipo, kama vitufe vya kuchagulia nyimbo havikung'olewa, na kama vioo na mapambo ya mbele ni mazima. Vipande vilivyosubiwa kwa aloi ya zinki, vikishapasuka au kuvimba kwa uzee, havichomelewi na fundi wa kawaida. Mbao zilizolowa maji zikabanduka tabaka nazo hudai kazi ndefu ya seremala hodari.

Hapa aina ya sanduku ina uzito wake. Wurlitzer 1015 ya mwaka 1946, iliyobuniwa na Paul Fuller, yenye mirija ya mapovu na plastiki za rangi, iliuzwa zaidi ya masanduku 56,000. Plastiki zake hupindwa na joto la taa, lakini kwa kuwa inapendwa na wengi, vipuri vyake vimetengenezwa upya. Sanduku lisilojulikana huenda likawa rahisi, lakini likikosa gia moja tu, gia hiyo itatafutwa mpaka mnunuzi achoke. Zaidi ya hayo, tangu miaka ya 1980 zimetengenezwa nakala za 1015. Nakala si kitu kibaya, ila isilipiwe bei ya sanduku la mwaka 1946.

UMEME NA SANTURI

Nyuma ya sanduku hutafutwa bamba lenye namba na maelezo ya umeme. La soko la Marekani hutaka volti zipatazo 117 na mizunguko 60 kwa sekunde. Umeme wa nchi zetu za Afrika Mashariki ni wa volti 230 hadi 240, na mizunguko 50. Transfoma hupunguza volti, lakini haibadilishi mizunguko. Mota itakwenda polepole kwa sehemu moja katika sita, na santuri ya mizunguko 45 kwa dakika itazunguka 37 na nusu. Mwimbaji atasikika kama mtu anayesinzia. Itabidi kipande kinachopeleka mwendo wa mota kibadilishwe.

Muuzaji akisema, "Tulichomeke tuone," mnunuzi akatae. Nyaya za zamani huvunjika maganda yake, na kapasita hukauka hata mtambo usipotumiwa. Kuliwasha kabla ya fundi kulikagua kwaweza kuunguza transfoma yake ya asili, au kumpiga mtu shoti.

Tena iulizwe litapiga santuri gani. Wurlitzer 1015 hupiga santuri 24 za mizunguko 78. Seeburg ndiyo iliyoleta sanduku la nyimbo 100 mwaka 1948, na mwaka 1950 ikatoa la santuri za mizunguko 45. Anayetaka kupiga santuri ndogo za muziki wa dansi za miaka ya 1960 na 1970 atafute la 45, na apime pia tundu la katikati, kwa maana lenye kitovu kikubwa cha Kimarekani halipokei santuri ya tundu dogo.

HESABU YA MWISHO

Bei ya haki haianzi kwa anachotaka muuzaji. Huanzia bei ya sanduku la aina hiyo lililo zima, kisha gharama hutolewa. Tuseme zima lauzwa shilingi 100. Vipuri ni 30, fundi 25, usafirishaji 10, kwa sababu masanduku haya ni mazito mno, na akiba ya ubovu usioonekana 15. Zilizobaki ni 20. Muuzaji akishuka hadi 20, linunuliwe. Akishikilia 35, aagwe kwa heshima, hata kama sanduku linapendeza namna gani.

Kwa fedha za mesi, inafaa watu wawili wakague, mmoja wao akiwa fundi wa umeme, na orodha ya vilivyopo na visivyopo iandikwe na kutiwa sahihi kabla fedha haijatoka. Askari aliyechanga ana haki ya kuiona orodha hiyo. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.