Safari ya Bujumbura na Mikasa Yake

Msafiri anayetoka Kigoma au Dar es Salaam kwenda kutembea Bujumbura hukutana na Kiswahili mitaani, hasa Buyenzi na Bwiza, akajiona yuko nyumbani. Mikasa mingi ya safari hii huanzia hapo, kwa sababu yapo mambo madogo yanayotofautiana na ya kwao.

La kwanza ni saa. Burundi iko nyuma ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa moja. Wakati wa kwenda, tofauti hiyo haimdhuru mtu. Shida huja akirudi kupitia mpaka wa Manyovu na saa ya mkononi ikiwa bado ya Bujumbura: hufika stendi akidhani amewahi, kumbe basi lilishaondoka. Magari nayo hupita upande wa kulia wa barabara. Anayevuka akitazama kulia kwanza, kama alivyozoea kwao, hujiwa na gari kutoka kushoto. Hatari hii ndiyo kubwa kuliko zote kwa mtembea kwa miguu, na haitajwi inavyostahili.

Katikati ya jiji, bodaboda na bajaji hazipatikani. Serikali ilizipiga marufuku huko Machi 2022. Kinachobaki ni teksi, mabasi madogo na miguu. Mafuta ya gari nayo yamekuwa yakiadimika mara kwa mara, kwa kuwa nchi ina uhaba wa fedha za kigeni za kuyaagizia. Kwa hiyo nauli ya teksi ipatanwe kabla ya kupanda, na dereva wa safari ya mbali aulizwe kama tangi limejaa. Jumamosi asubuhi wananchi huwa kwenye kazi za pamoja za maendeleo na usafiri hukwama, hivyo si wakati wa kupanga kutoka mapema.

Ziwa Tanganyika ndilo linalowavuta wageni, na ndilo linalovuruga mipango kuliko kitu kingine. Linapokea maji ya Rusizi, Malagarasi na mito mingi midogo, lakini lina mlango mmoja tu wa kutolea: mto Lukuga, karibu na Kalemie, Kongo. Mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, maji huingia kwa kasi kuliko yanavyotoka. Mvumbuzi Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1876 aliukuta Lukuga umezibwa kwa matope na mimea na ziwa linapanda. Kabla ya muongo huo kwisha kizuizi kilikuwa kimebomoka na maji yanatiririka. Mwaka 2024 ziwa lilipanda tena. Maji yaliingia hoteli na baa za ufukweni, barabara ya kwenda Rumonge ikafunikwa mahali mahali, na Gatumba, iliyokwisha kuhamisha kaya nyingi tangu mafuriko ya 2020, ikazama upya. Mgeni alipoteza chumba alichokodi; wakazi walipoteza nyumba.

Ziwa likipanda, viboko nao husogea karibu na watu. Mchana hukaa majini, jioni hutoka kula majani, na njia zao hupita bustanini na kwenye fukwe zilezile za kupigia picha. Kiboko hushambulia hasa mtu anapokaa kati yake na maji. Picha ya machweo ipigwe kutoka mahali palipoinuka, na mtu aondoke ufukweni kabla ya giza.

Nje ya jiji, jiwe la Mugere, lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871, liko kusini kwa mwendo mfupi wa gari, ila hufikiwa kwa barabara ileile ya ziwani iendayo Rumonge. Gishora, kwenye ngoma za kifalme, na chemchemi ya Nile huko Rutovu ziko milimani. Mvua za masika huko huangusha udongo barabarani, hivyo safari ya kwenda na kurudi siku moja hugeuka ya kulala.

Mpaka nao unahitaji uangalifu. Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024, na aliyepanga kuunganisha Kigali na Bujumbura kwa basi ilimbidi apitie Kobero, kwenye mpaka na Tanzania, au apande ndege. Hali ya mpaka iulizwe wiki ileile ya safari, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwekwe pamoja na pasipoti. Fedha taslimu zitoshe hadi siku ya kurudi, maana kadi za benki hazipokelewi sehemu nyingi.