Mafundisho ya Jamaa: juu ya nini sikutuma ile sauti ya Nkambo



Mwenzetu mmoja anayeandika juu ya dini za Katanga aliniomba nimtumie sauti ya nkambo wangu mwanamke, ambayo nilirekodi mu telefone mbele hajafariki. Nkambo alikuwa mutu wa Jamaa tangu ujana wake, na mu ile sauti anaeleza ndoto yake. Nilikataa. Mwenzangu akaniuliza: "Sasa sisi wasomi njo tutaficha elimu?" Ulizo lake ni la haki. Naomba nilijibu hapa, kwa sababu wengi wetu tuko na wazazi ao nkambo waliopita mule, na hatujui walipokea nini.

Tuanze na mwanzo. Placide Tempels, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933. Ku iniversite tunamjua kwa kitabu chake juu ya filozofia ya Wabantu, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 1945. Lakini kule Kolwezi, mu kampi za wafanyakazi wa Union Minière, miaka ya 1950, watu walimjua kwa kintu ingine. Badala ya kufundisha tu, aliuliza: ninyi munatafuta nini mu maisha? Majibu yao njo yakawa mawazo makubwa matatu ya Jamaa: uzima, uzazi na mapendo. Angalieni vizuri hapo: mwalimu njo alipokea wa kwanza, na wanafunzi njo walimupa. Bila kuelewa ile, hautaelewa yenye kufuata.

Mu Jamaa mutu hakuandikishwa, alizaliwa. Bwana na bibi waliingia pamoja, wakifundishwa na bwana na bibi wengine, nyumbani, mara nyingi usiku. Wale waliowafundisha wakawa baba na mama yao mu mawazo, hata kama kwa umri walikuwa wadogo wao. Mafundisho hayakuwa somo la kukariri. Ulipashwa kufungua moyo, ueleze maisha yako yote bila kuficha, na yule anayekufundisha naye akueleze yake. Kulikuwa njia tatu, moja kiisha ingine, na kila njia ilikuwa na mafundisho yake ambayo mutu wa inje hakuambiwa.

Kupita mu zile njia kulihitaji ndoto. Mwanaume alingojea kukutana na Bikira Maria, mwanamke na Bwana Yesu. Hapa wengi wanakosea, wanazani kila mutu aliota yake na kutangaza yake. Hapana. Nkambo alinieleza kama ndoto ilikuwa ya kupeleka kwanza kwa baba na mama waliokuzaa. Wao walisikiliza, wakauliza, wakapima kama inapatana na mawazo. Yeye mwenyewe aliambiwa mara mbili: "Hii haiko, mama. Ngojea." Ile ya tatu njo walipokea, na yeye akaanza kutafuta wa kuzaa. Kwa sababu ukipokea na haukuzaa mutu, walisema, hauyapokea bado.

Lakini siri ilikuwa na bei yake. Tempels alirudi Ulaya mwaka 1962, akafa mwaka 1977, na Jamaa ilibaki mikononi mwa wenyewe. Kulitokea vikundi, wakiitwa Katete, vilivyoshitakiwa kama vimegeuza umoja wa mapendo kuwa mambo ya mwili. Sitawatetea. Pahali ambapo mutu wa inje hawezi kuuliza, mubaya naye anapata pa kujificha. Lakini wakati maaskofu walikata shauri mwaka 1973, wale waliokataa kuacha Jamaa walitengwa na Kanisa, wazuri na wabaya pamoja. Nkambo wangu mwanaume alikataa. Alizikwa bila misa. Bibi yake alibeba ile haya zaidi ya miaka makumi mbili, na kila siku ya Mungu aliendelea kuketi kiti cha nyuma.

Sasa ile sauti. Nilikuwa natafuta kintu ya kuandika mu kazi yangu ya kumaliza masomo. Nkambo akasema: "Weka telefone pembeni, tuongee." Niliiweka mu mufuko wa shati, lakini sikuizima. Njo nilivyopata ile rekodi, na leo naiungama mbele yenu.

Kisha mwenzangu kuniomba, nilienda Kolwezi kwa mama mmoja muzee ambaye nkambo alimuzaa mu Jamaa. Nilifikiri ataniambia tuma ao usitume. Nilimueleza yote, na telefone iko mu mukono. Hakutaka kusikiliza rekodi. Aliniuliza kintu kimoja tu: "Yeye alikuambia ndoto yake. Wewe ulimuambia yako gani?"

Sikuwa na jibu. Sikumuambia kitu. Hata shida zangu za wakati ule, na zilikuwa nyingi, sikumuambia. Niliketi pale saa nzima nikichukua, na mu desturi yao kuchukua bila kutoa hakuitwi kupokea.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeniomba: haya yote niliyoeleza hapa, chukua, andika, watu wajue. Watafiti kama Johannes Fabian walisharekodi mafundisho mengi ya Jamaa tangu miaka ya 1960, na wazee waliongea nao wakijua wanarekodiwa. Anzia pale. Ndoto ya nkambo haikuwa ya mufuko wa shati.

Yule mama wa Kolwezi angali mzima. Alisema nirudi, na nisilete telefone. Nitarudi mwezi ujao. Nyumbani kwenu kama kungali muzee wa Jamaa, muendee mapema, na wa kwanza kuongea awe wewe.