Ubavuni mwa Nyumba, Penye Kivuli, Tutandaze Nini?

Ndugu msikilizaji, leo nakuomba tutoke nje, tuzunguke ubavuni mwa nyumba, pale penye kivuli. Katika nyanda za juu za Kigoma, kutoka Kibondo hadi Kasulu, mahali hapo pana shughuli nyingi kuliko sebuleni. Hapo ndipo akina mama huchambua maharage, mzee huweka kiti chake adhuhuri, mtoto mdogo hutambaa, na mgeni wa haraka hukaribishwa. Lakini mwenye nyumba akishaezeka bati na kutia milango, fedha zimekwisha na akili imechoka. Ubavuni huachwa udongo mtupu.

Tuanze na jua, kwa kuwa ndilo linalogawa kivuli. Vitabu vya ujenzi vilivyoandikwa Ulaya husema kivuli kiko kaskazini mwa nyumba mwaka mzima. Kwetu kivuli huhama. Kibondo iko kiasi cha nyuzi 3 na nusu kusini ya Ikweta, na Kasulu nyuzi 4 na nusu. Kwa hiyo tangu mapema Oktoba hadi wiki ya pili ya Machi jua la adhuhuri hupita kusini mwetu, na ukanda ulio karibu na ukuta wa kaskazini haupati jua. Miezi hiyo ndiyo ya mvua! Ardhi hiyo hunyeshewa na haikauki, na ukoga wa kijani huota. Kuanzia katikati ya Machi hadi Septemba mambo hugeuka: jua hupita kaskazini, kivuli huhamia kusini, nako, kiangazi kikishaingia, huwa ni vumbi tupu. Basi nyumba moja ina vivuli viwili, kimoja cha tope na kingine cha vumbi. Anayetaka kuchagua kitu cha kutandaza chini hana budi ajue kwanza anashughulikia kipi.

Vumbi la kivulini si jambo la usafi peke yake. Kasulu hakuna asiyemjua funza. Jike lake huingia ngozini, hasa vidoleni na kisiginoni, hutoa mayai yanayodondoka chini, na mabuu hukulia ndani ya udongo mkavu uliolegea. Chini ya upenu, mahali ambapo mvua haifiki na mbuzi na mbwa hulala, ndipo anapostawi. Wala si mwenyeji wa bara hili: asili yake ni Amerika, na inaelezwa kwamba mwaka 1872 aliingia Ambriz, Angola, na meli iliyotoka Brazil. Kabla ya karne ya 19 kwisha alikuwa amelivuka bara hadi huku kwetu. Mtoto mwenye funza huchechemea, husinzia darasani kwa kukosa usingizi, na kidonda chake chaweza kuingiwa na pepopunda. Dawa ya mguu ipo, lakini kama ardhi anayochezea ni ileile, atarudi zahanati baada ya wiki chache.

Wengi hufikiria majani kwanza. Ukoka ni mzuri, lakini unapenda jua. Uupande chini ya mwembe nao utanyong'onyea, utabaki na vipara, na kwenye vipara vumbi litarudi. Kukandika kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, kama walivyofanya bibi zetu, hutuliza vumbi vizuri upande wa kusini wakati wa kiangazi, ila mvua mbili tatu zikipiga kazi yote huondoka. Moramu iliyoshindiliwa ni bora zaidi. Imwage kwa tabaka mbili, jumla sentimita 10, uinyunyizie maji kidogo na kuitwanga kwa gogo zito mpaka kisigino kisiache alama. Upande wa kusini itakutumikia miaka. Kaskazini sikushauri, kwa sababu isipopata jua huteleza.

Kisha kuna saruji, ambayo kila mmoja wetu huiona ndiyo maendeleo. Eneo la mita 3 kwa 4, zege la unene wa sentimita 7 na nusu kwa mchanganyiko wa 1 kwa 2 kwa 4, litakula karibu mifuko 6, mbali na mchanga na kokoto. Gharama hiyo si haba. Nami nina kisa. Shangazi yangu alijengewa sakafu ya namna hiyo kaskazini mwa nyumba, na fundi, ambaye sitamtaja, akaipiga niru iking'ara kama ya ndani. Tulimsifu sana. Masika ya pili ukoga ukaota juu ya niru, shangazi akatoka alfajiri na sufuria mkononi, akaanguka akavunjika nyonga. Hajatembea tena bila mkongojo. Kama lazima iwe saruji, basi nje usikubali niru. Zege likiwa bado bichi lipitishie ufagio mgumu ili libaki na mikwaruzo.

Mimi, ningeulizwa, ningechagua matofali ya kuchoma. Huku kwetu tanuri halikosekani, na katika kila tanuri yamo matofali yaliyokaa karibu mno na moto, yakapinda na kuwa meusi. Waashi huyakataa kwa kuwa hayakai sawa ukutani. Hayo ndiyo ya kuomba, na mara nyingi hutolewa kwa bei ya chini. Yagonganishe: lililoiva hulia kama chuma, bichi hutoa sauti ya kibuyu. Ukiwa na shaka, lilaze ndani ya ndoo ya maji usiku kucha. Likianza kumomonyoka, si la kukanyagwa.

Tofali la sentimita 22 kwa 11 likilazwa, mita moja ya mraba huhitaji kama 41, hivyo eneo letu la mita 3 kwa 4 ni matofali 500 hivi. Chimba hadi udongo mgumu, shindilia, mwaga mchanga wa sentimita 5, na pembezoni simamisha safu ya matofali ili yale ya ndani yasitawanyike. Panga yakibanana, kisha fagilia mchanga mkavu kwenye nyufa. Sehemu yote iteremke kutoka ukutani, sentimita 2 kwa kila mita, na uso wake uwe chini ya sakafu ya nyumba kwa sentimita 15 au zaidi, la sivyo unyevu utapanda ukutani, na ukuta wa tofali mbichi hausamehe. Ukoga utaota hata hapa, sikufichi, lakini matofali yana miparuzo, na ufagio mgumu na mchanga mara moja kwa wiki humaliza kazi. Mizizi ya mwembe ikiyainua, unayang'oa na kuyapanga upya, jambo ambalo zege halikubali. Kulizunguka shina lenyewe acha nusu mita wazi, mti upumue.

Kokoto tupu si za kukalia. Miguu ya kiti huzama, na harage likidondoka humo limepotea. Ila kuna mahali pake. Pale bati linapomwaga maji, tone huchimba mfereji na kurusha tope ukutani, miaka nenda rudi, mpaka tofali za chini zinalika. Chimba hapo mtaro wa upana wa sentimita 40, ujaze kokoto, uteremshe kuelekea nyuma ya nyumba, na maji yake uyaachie kwenye migomba.