Upanga Uliofufuliwa Vitabuni

Mwaka 1579 mji wa Augsburg, kusini mwa Ujerumani, ulimnyonga mtunza hazina wake. Paulus Hector Mair alikuwa na umri wa miaka 62, na ilibainika kwamba alikuwa amechota fedha za mji kwa muda mrefu. Wezi wa mali ya umma hawakuanza jana, lakini huyu alikuwa na uchu wa peke yake: mbali na karamu na maisha ya kifahari, alipenda kupindukia vitabu vya kupigana kwa silaha. Katika miaka ya 1540 alimwajiri mchoraji Jörg Breu Mdogo, akawalipa na wapiganaji wawili wazoefu wazijaribu mbinu moja moja ili zichorwe sawasawa. Kazi hiyo ilikula miaka minne. Nakala zake, majuzuu manene yaliyojaa michoro ya rangi, zimehifadhiwa hadi leo Dresden, München na Vienna.

Wanaofaidi uchu huo sasa ni walimu wa shule, mafundi wa kompyuta, wauguzi na wanafunzi wa vyuo. Jioni baada ya kazi huingia kwenye kumbi za michezo za Ulaya na Marekani, huvaa vinyago vya wavu wa chuma na makoti mazito, hushika upanga mrefu kwa mikono miwili, kisha hujaribu kufanya kile ambacho vitabu kama vya Mair vinaonyesha. Wanajifunza namna Wajerumani wa karne ya 14 hadi ya 16 walivyopigana.

Hakuna hata mmoja wao aliyerithi ujuzi huo kwa mtu. Kirumbizi cha Lamu, mchezo ule wa fimbo unaochezwa kwa ngoma na zumari, kimepita mkono kwa mkono: kijana humtazama mjomba wake akicheza, siku moja naye akaingia uwanjani. Upanga mrefu wa Wajerumani haukubahatika hivyo. Bunduki ziliuondoa vitani, upanga mwembamba wa kuchoma ukauondoa mitaani, na walimu wake wakaisha mmoja baada ya mwingine bila wa kuwarithi. Kilichobaki ni karatasi.

Silaha yenyewe imesingiziwa sana na sinema. Shujaa wa filamu huunyanyua upanga huku akihema, mishipa imemtoka shingoni. Kumbe upanga wa aina hii ulikuwa na uzito wa kilo moja na nusu hivi, mara nyingi chini ya hapo, na urefu wa kama sentimita 110 hadi 130. Kirungu cha chuma kilicho mwisho wa mpini husawazisha uzito wa mbele. Mkono wa kulia hukaa juu, karibu na chuma kilichokingama kulinda vidole. Wa kushoto hukaa chini, karibu na kirungu. Mmoja ukisukuma na mwingine ukivuta, ncha huhamia upande wa pili kabla mpinzani hajapepesa macho. Mabega hayana kazi kubwa. Anayeanza hujulikana kwa wingi wa jasho lake.

Jina linalotajwa kuliko yote katika sanaa hii ni la Johannes Liechtenauer, fundi anayekadiriwa kuishi karne ya 14. Hakuna anayejua alizaliwa lini wala alizikwa wapi. Maelezo ya kale zaidi ya mafundisho yake yamo katika kitabu cha mkono kilichohifadhiwa Nürnberg, ambacho kwa kawaida hutajwa kuwa cha karibu mwaka 1389. Ni kitabu cha ajabu kidogo, kwani ndani yake mna pia maelekezo ya namna ya kukaza chuma. Mwandishi wake anasema Liechtenauer hakuibuni sanaa hiyo, ila alizunguka nchi nyingi akiitafuta na kuijaribu.

Mafundisho yenyewe Liechtenauer aliyafunga katika beti za mafumbo, makusudi, ili asiyefundishwa asielewe kitu. Mpenzi wa mashairi ya Kiswahili hatashangaa. Muyaka wa Mombasa naye alijua kumficha mtu maana huku akimwimbia usoni. Tofauti ni kwamba fumbo la Liechtenauer, ukilifumbua vibaya, hukupiga kichwani. Bahati nzuri mafundi wa vizazi vilivyofuata hawakunyamaza. Waliandika maelezo marefu chini ya kila ubeti: yapo yaliyohusishwa na Sigmund Ringeck, ambayo nakala yake iko Dresden, na yapo ya kitabu cha mwaka 1452 kilichopo Roma. Bila hao, beti zile zingebaki kitendawili kisicho na mteguaji.

Ndani ya beti mna mapigo makuu matano: la hasira, la kupinda, la kukingama, la makengeza na la utosini. Mna pia mikao minne. Fahali huinua upanga kando ya kichwa, ncha ikimlenga mpinzani usoni. Plau huweka mpini karibu na nyonga, ncha ikielekea juu. Zuzu huteremsha ncha hadi karibu na ardhi, mkao wa mtu anayeonekana hajui lolote, na hatari yake iko hapo hapo. Wa nne hukaa juu, upanga ukiwa begani au juu ya kichwa, tayari kushuka.

Chukua pigo la hasira. Limeitwa hivyo kwa sababu mtu yeyote aliyepandwa na ghadhabu, hata kama hajawahi kushika upanga maishani, atapiga hivyo: kutoka bega la kulia kushuka mshazari hadi kichwani au shingoni mwa mwenzake. Tuseme mpinzani ndivyo alivyopiga. Silika itakwambia urudi nyuma, au uinue upanga ujifiche chini yake. Fundi anakataza vyote viwili. Nawe piga vilevile, wakati huohuo, mguu wa kulia ukiingia mbele. Panga zitakutana katikati, na ukiwa umepiga sawasawa, ubapa wako utakuwa umeshika njia, ncha yako ikitazama uso wake na yake ikiwa imesukumwa kando.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Panga zimegusana, na kwa nukta hiyo mpiganaji anatakiwa kusikia viganjani, kama mvuvi anavyomsikia samaki kwenye mshipi, iwapo mwenzake amelegea au amekaza. Amelegea? Mchome usoni moja kwa moja. Amekaza, anausukuma upanga wako? Usishindane naye nguvu: unyanyue wako upite juu ya wake, umshukie upande wa pili wa kichwa. Akikaza tena, inua mikono na uzungushe mpini bila kuachanisha panga, utafute penye uwazi. Sehemu ya ubapa iliyo karibu na mpini ndiyo yenye nguvu, ile ya kuelekea nchani ni dhaifu, na anayekutanisha nguvu yake na udhaifu wa mwenzake ndiye anayetawala mgusano. Mafundi hawa walisisitiza sana pia suala la kutangulia. Anayepiga kwanza humlazimisha mwenzake ajibu, na mtu ambaye kazi yake ni kujibu tu, mwishowe atachelewa.

Kwenye karatasi yote hayo yananyooka. Ukumbini yanagoma. Maandishi yanasema piga, lakini mara nyingi hayasemi makali yaelekee wapi wala hatua iwe ndefu kiasi gani. Wachezaji wamebishana kwa miaka kama pigo likingwe kwa makali au kwa bapa, na mabishano hayo hayajaisha.

Wakati mwingine jibu limefichwa katika jambo dogo kabisa. Katika pigo la kukingama, upanga huzungushwa kwa ulalo juu ya kichwa, kinga ya vidole ikiwa mbele ya uso, na maelezo yanataka kidole gumba kiwe chini. Msomaji mwenye haraka hukiruka kidole hicho. Kikiwekwa chini ya bapa, mikono hugeuka yenyewe, pigo la kutoka kulia hutua kwa makali ya nyuma, na kichwa cha anayepiga hulindwa na chuma chake mwenyewe. Kikikaa kwingine, viwiko hupanda vibaya na upanga wa mpinzani hupenya.

Tafsiri hupimwa hivi: mmoja anasoma kwa sauti, wawili wanajaribu polepole, kisha kwa kasi, kisha mpinzani anaambiwa aache kushirikiana. Mbinu inayofanikiwa pale tu mwenzako anapokuonea huruma, ama umeisoma vibaya ama umeifanya wakati usio wake. Basi wanarudi kitabuni, wanalinganisha nakala ya Dresden na ya Roma, wanaanza upya. Utamu wa mchezo huu uko hapo zaidi kuliko katika kushinda, ingawa wanaopenda medali watapinga.

Si kila ukurasa hufaa kupelekwa ukumbini. Hans Talhoffer, aliyeacha vitabu kadhaa vya kuanzia miaka ya 1440 hadi 1467, alichora mapigano ya kuamua kesi, enzi ambapo watu waliweza kumaliza shauri kwa silaha. Katika michoro yake maarufu, mwanamume amesimama ndani ya shimo hadi kiunoni na rungu mkononi, na mwanamke yuko nje akizungusha jiwe lililofungwa kwenye kitambaa kirefu. Kwingineko mtu ameushika upanga kwenye ubapa kwa mikono miwili na kumtwanga mwenzake kwa kirungu cha mpini. Ukiutazama haraka utadhani mchoraji amekosea. Lakini makali hayakati deraya ya chuma, na kirungu hicho ni nyundo tosha. Shimo wameachiwa wanahistoria. Hilo la kirungu hufundishwa, kwa tahadhari.

Tahadhari inahitajika kweli. Upanga wa mazoezi ni wa chuma, lakini ni butu, ubapa wake hupinda mtu anapochomwa, na ncha yake hukunjwa au kupanuliwa isitoboe. Kinyago ni cha mchezo wa vitara wa Olimpiki, kikiongezewa kinga ya kisogo, kwa kuwa mapigo ya Kijerumani huzunguka hadi nyuma ya kichwa. Vidole ndivyo huumia zaidi. Glavu za kazi hii zimetengenezwa kwa magamba ya plastiki ngumu, na mchezaji mzoefu atakushauri uzinunue hizo kabla hujafikiria upanga wa kwako. Wanaoanza mara nyingi hupewa panga za plastiki au mbao.

Ufufuo huu ulijaribiwa zamani. Mwishoni mwa karne ya 19, Alfred Hutton na Egerton Castle walifanya maonyesho ya mbinu za kale nchini Uingereza, na Gustav Hergsell wa Prague akachapisha upya vitabu vya Talhoffer. Kisha hamu ikafifia. Iliporudi miaka ya 1990, intaneti ilikuwa njiani. Maktaba za Ulaya zilianza kupiga picha vitabu vyao na kuviweka wazi, na maktaba ya mtandaoni ya Wiktenauer, iliyochukua jina lake kwa Liechtenauer, ikakusanya picha, maandishi na tafsiri za Kiingereza bila malipo. Kuvifikia vitabu vya Mair leo hakuhitaji hazina ya mji. Simu yenye bando inatosha.

Umati ulipoongezeka, likaja swali la mashindano. Swordfish, mashindano yaliyoanzia Gothenburg, Sweden, mwaka 2006, yamevuta wachezaji kutoka nchi nyingi. Wapo wanaonung'unika kwamba pointi na medali zinaharibu sanaa ya kivita. Historia haiwaungi mkono sana. Mwaka 1487 Kaisari Friedrich III alikipa hati chama cha wapiganaji cha Mtakatifu Marko, na mwenye kutaka cheo cha ufundi alikwenda kutahiniwa Frankfurt wakati wa maonyesho ya biashara. Katika mashindano ya hadhara ya zama zile, ushindi ulikuwa wa yule aliyemtoa mwenzake damu mahali pa juu zaidi kichwani. Joachim Meyer, fundi visu mzaliwa wa Basel aliyeishi Strasbourg, alichapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1570 na kufariki Schwerin mwezi Februari uliofuata, akiacha madeni. Kitabu hicho kinaonyesha kwamba Wajerumani wa wakati wake walikuwa wameshaacha kuchomana kwa upanga mrefu. Walibaki kukatana tu. Kanuni za mchezo zilikuwa zimebadilisha upanga tayari, miaka zaidi ya 400 iliyopita.

Kinachowakera waamuzi wa leo ni pigo la pamoja: wachezaji wawili wanapigana kichwani kwa wakati mmoja na kila mmoja anainua mkono kudai pointi. Kwa panga zenye makali, wote wangekuwa maiti. Yapo mashindano yanayowanyima wote wawili, na yapo yanayowatoa wote mapigo hayo yakizidi idadi iliyowekwa. Hata hivyo kijana mwenye mikono mirefu na miguu myepesi anaweza kushinda siku nzima kwa kumgusa mwenzake na kuruka nyuma, bila kutumia hata pigo moja kati ya yale matano. Marafiki zake watampigia makofi. Mwalimu wake, yaelekea, atamfungulia ukurasa wa Ringeck siku ya mazoezi na kumuuliza panga zao ziligusana lini.