Shule Zinapofunga na Kufungua: Mtoto Yuko Mikononi mwa Nani?

   Tumewahi kuzungumza nawe kuhusu chanjo, lishe na maji safi. Leo tunazungumzia jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa la afya, nalo ni kalenda ya shule.

Tuhesabu pamoja. Mwaka wa shule hapa Kenya una mihula mitatu. Muhula wa kwanza huanza Januari, wa pili huanza mwishoni mwa Aprili au Mei, na wa tatu huanza mwishoni mwa Agosti. Katika miaka ya karibuni mihula miwili ya kwanza imekuwa ya wiki 13 au 14, na wa tatu ni mfupi, wiki 9 au 10. Kati ya mihula kuna likizo ya Aprili, ya Agosti na ile ndefu ya mwisho wa mwaka. Tena katikati ya muhula wa kwanza na wa pili kuna likizo fupi ya siku chache.

Kwa hivyo mtoto hutoka shuleni mara tano kwa mwaka na kurudi mara tano. Mara kumi kwa mwaka mzima, uangalizi wa mtoto huyo unahama: kutoka kwa mwalimu kuja kwako, na kutoka kwako kwenda kwa mwalimu. Mara nyingine hauji kwako hata kidogo, bali huenda kwa nyanya, kwa dada wa nyumbani, kwa jirani, au kwa mtoto mkubwa wa miaka kumi.

Wauguzi wanajua jambo moja vizuri. Wakati wa hatari katika wodi ni ule wa kubadilishana zamu. Muuguzi wa usiku asipomweleza wa asubuhi, dawa husahaulika. Nyumbani ni vivyo hivyo. Mengi yanayowapata watoto wakati wa likizo hutokea kwa sababu huyu alidhani yule anajua.

Kwanza, tusizilaumu likizo

Mama, unaweza kusema: basi hizi likizo zipunguzwe. Tulijaribiwa na hilo si muda mrefu uliopita. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Baadhi ya madarasa yalirudi Oktoba mwaka huo, na wanafunzi wengine wote wakarudi Januari 2021. Ili kufidia muda uliopotea, mihula ilibanwa na likizo zikawa fupi sana. Kwa mfano, shule zilifunga tarehe 1 Oktoba 2021 na kufungua tena tarehe 11 Oktoba. Mitihani ya kitaifa ilifanywa Machi 2021, Machi 2022, kisha tena Novemba 2022. Kalenda ya kawaida ilirudi Januari 2023.

Kila mzazi anakumbuka uchovu wa wakati ule. Karo ilidaiwa kabla ile ya awali haijaisha. Walimu walisahihisha kazi ya muhula mmoja huku wakitayarisha wa pili. Mwishoni mwa mwaka 2021 shule kadhaa za bweni zilikumbwa na visa vya moto, na mwezi wa Novemba serikali ikawapa wanafunzi mapumziko mafupi ambayo hayakuwa katika kalenda. Mwili na akili vinahitaji kupumzika, vya mtoto na vya mwalimu pia. Likizo ni nzuri. Linalotakiwa ni kupokezana mtoto vizuri.

Mwalimu naye

Tunapoona shule imefungwa, tunadhani mwalimu amelala. Kumbuka kwamba mwalimu wengi wao ni mama au baba. Watoto wake nao wamefunga shule siku ile ile, lakini yeye bado anajaza ripoti na kusubiri mtoto wa mwisho wa bweni achukuliwe na wazazi. Shule ikifunguliwa, darasa haliwi kamili siku ya kwanza. Wengine huja Jumatano, wengine wiki ya pili. Mwalimu hulazimika kurudia somo lile lile, na saa za kumtazama mtoto mmoja mmoja zinapungua. Hapo ndipo mtoto aliyerudi na kikohozi, au na huzuni, hupita bila kuonekana.

Ikiwa unamchelewesha mtoto nyumbani kwa sababu ya karo, ni afadhali uende ukazungumze na mwalimu mkuu mapema na mkubaliane jinsi utakavyolipa. Mtoto anayeanza muhula pamoja na wenzake hupata kuonwa na mwalimu tangu siku ya kwanza.

Chakula

Kwa watoto wengi, mlo wa uhakika wa mchana ni ule wa shule. Uwe ni githeri, uji au wali na maharagwe, unakuja kila siku kwa saa yake. Likizo ikifika, chungu cha nyumbani kinaongezewa midomo mitatu au minne mchana, na kipato ni kile kile. Mama huanza kujinyima ili watoto wale. Tafadhali, mama mjamzito au anayenyonyesha, usijinyime.

Anza kuweka akiba kidogo kidogo wiki tatu kabla ya kufunga: kilo ya mahindi hapa, kikombe cha maharagwe pale. Omena, ndengu, mayai na mboga za kienyeji kama mchicha, kunde na managu vinajenga mwili kuliko mkate na soda. Mpe mtoto uji asubuhi hata kama hakuna shule. Anayeamka saa nne na kula mara moja kwa siku hudhoofika, na atarudi darasani akiwa hawezi kusikiliza.

Dawa za minyoo pia hutolewa shuleni katika sehemu nyingi za Magharibi, Nyanza na Pwani, chini ya mpango ulioanza mwaka 2012. Muulize mwalimu siku zitakapotolewa ili mtoto wako awepo.

Dawa za kila siku

Hapa tusikilizane vizuri. Kama mtoto wako ana kifafa, pumu, selimundu, kisukari, au anatumia ARV, siku ya kufunga na ya kufungua ndizo siku ambazo dawa hukatika. Dawa zilibaki kwa matroni, au zilisahaulika nyumbani, au tarehe ya kliniki iliangukia katikati ya muhula.

Mtoto wa kifafa akiacha dawa ghafla anaweza kupata degedege kali lisilokoma. Mtoto wa pumu bila kivuta-pumzi chake anaweza kuzidiwa usiku mmoja tu. Chukua kalenda ya shule uende nayo kliniki. Mweleze daktari au muuguzi tarehe za kufunga na kufungua, na umwombe apange siku za kuchukua dawa ziangukie ndani ya likizo. Hesabu vidonge kabla ya safari. Mweleze mtu mmoja shuleni unayemwamini, awe ni mwalimu wa darasa au matroni, na umwandikie kwenye karatasi: jina la dawa, saa za kuinywa, dalili za hatari na nambari yako ya simu.

Safari ya kwa nyanya

Likizo ya Agosti na ya Desemba wengi huwapeleka watoto ushago. Ni vizuri watoto wamjue nyanya yao. Lakini mtoto anayekulia Nairobi, ambako malaria ni haba, akienda kandokando ya Ziwa Viktoria au Pwani, mwili wake haujazoea ugonjwa huo. Anaweza kuugua vibaya kuliko binamu zake wanaoishi huko.

Mpe chandarua chenye dawa kwenye mzigo wake, usitegemee kitakachopatikana. Mpigie nyanya umweleze: mtoto akipata joto mwilini, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo apimwe, asipewe tu dawa ya maumivu. Akipatikana na malaria, amalize dawa zote za siku tatu, hata akipata nafuu siku ya pili.

Tena zingatia hili: malaria haionekani siku mbu anapouma. Kwa kawaida huchukua wiki moja au zaidi. Mtoto anaweza kurudi Nairobi akiwa mzima, akafungua shule, kisha akaanza kutetemeka darasani. Mwalimu atadhani ni homa ya kawaida ya baridi. Kwa hivyo mwambie mwalimu mtoto alikokuwa, na ukifika hospitali, liwe neno la kwanza: "Mtoto huyu alikuwa Siaya wiki mbili zilizopita."

Mtoto anayebaki peke yake

Likizo fupi ya katikati ya muhula ndiyo huwabana kina mama zaidi. Siku chache tu, nauli ya kwenda na kurudi, na mwajiri hatoi ruhusa. Mtoto wa darasa la tano anaachiwa wadogo zake wawili na jiko.

Kama una jirani au wenzako wa chama mnaoaminiana, pangeni zamu: leo mama huyu anakaa na watoto wote, kesho mwingine. Kabla hujatoka, angalia mambo haya. Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji, kwani mtoto mwenye kiu atakunywa. Akiyanywa, usimtapishe wala usimpe maziwa, mkimbize hospitali. Sufuria ya maji moto isikae sakafuni. Mtoto akiungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, unga wala mafuta ya kupikia. Ndoo na karo za maji zifunikwe, na watoto wasiende mtoni au bwawani bila mtu mzima.

Vijana wetu

Tulipofunga shule mwaka 2020, wasichana wengine walirudi wakiwa wajawazito, na wengine hawakurudi. Likizo ndefu ina hatari hiyo hiyo kwa kiasi kidogo. Zungumza na binti yako, na kijana wako wa kiume pia. Jua marafiki wake ni akina nani, na ni nani humnunulia chipsi au humpandisha boda boda bure. Mwambie waziwazi kwamba mtu yeyote akimgusa vibaya, hata akiwa mjomba, aje akwambie na hutamgombeza. Mkiona mtoto anadhulumiwa, pigeni simu bure nambari 116. Akidhulumiwa kimapenzi, mfikishe hospitali upesi, ndani ya saa 72, kabla ya kuoga, kwa sababu zipo dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi na mimba.

Na kama binti yako tayari ni mjamzito au amejifungua, utaratibu wa serikali unamruhusu kurudi shuleni. Usimfiche nyumbani. Mpeleke kliniki, kisha nenda naye kwa mwalimu mkuu.

Usisahau pia kwamba sheria ya elimu ya mwaka 2013 inakataza masomo ya ziada ya likizo. Mtoto asaidie kazi za nyumbani, acheze, asome kitabu kidogo na alale mapema. Mwalimu naye apumzike.

Mambo ya kukumbuka

Siku ya kufunga, muulize mwalimu maswali matatu: Mtoto wangu amekuwa na afya gani muhula huu? Kuna dawa iliyobaki hapa? Kuna jambo lolote ulilomwona nalo?

Ukimwachia mtu mwingine mtoto, mwambie mambo matatu: anachokula na anachokatazwa, dawa anayotumia, na zahanati ya karibu pamoja na nambari yako.

Wiki moja kabla ya kufungua, mrudishe kwenye saa zake za kulala na kuamka. Mwangalie macho, meno, ngozi na nywele, na kama anaugua, atibiwe sasa.

Siku ya kufungua, mwambie mwalimu alikokuwa mtoto, alichougua, na kilichobadilika nyumbani. Kama kuna msiba au wazazi wametengana, mwalimu anahitaji kujua ili asimchape kwa ulimi mtoto aliye na huzuni.

Mama, kalenda ya shule hatuipangi sisi. Mwaka 2024 mafuriko yalichelewesha kufunguliwa kwa muhula wa pili hadi tarehe 13 Mei, na wazazi waliokuwa wamefunga mizigo walilazimika kuifungua tena. Lakini tarehe nyingi tunazijua mapema. Zitundike ukutani karibu na kijitabu cha kliniki, na kabla ya kila tarehe ujiulize: mtoto huyu anatoka mikononi mwa nani, anaingia mikononi mwa nani, na je, wameambiana?

Ukiwa na swali, mwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako au fika katika kituo cha afya kilicho karibu nawe.