Shairi Pana na Shairi Jembamba

Mwarabu anayejifunza Kiswahili akisikia neno shairi anaweza kudhani ametajiwa mtu. Kwao sha'ir ni mtunzi, na kazi yake ni shi'r. Kiswahili kililipokea neno kikaliweka katika ngeli ya kitu, shairi-mashairi, kisha mtunzi akapewa m- ya kinyumbani akawa mshairi. Shayiri, ile nafaka ya mikate mitano katika Injili ya Yohana, nayo ina konsonanti zilezile tatu kwa Kiarabu. Huku kwetu y moja ndiyo iliyowaepusha malenga kuitwa wakulima.

Neno hilo geni halikukuta nyumba tupu. Palikuwa na wimbo, palikuwa na utungo, neno linalotokana na kutunga, kitenzi kilekile cha mtu anayepitisha shanga kwenye uzi. Hata leo mashairi hutungwa.

Sasa, shairi ni nini hasa? Hapo ndipo neno linapogawanyika. Kwa maana pana, kila utungo wa kishairi ni shairi. Mashabiki wa Bongo Fleva wakisema msanii fulani ana mashairi makali, wanasifu maneno ya wimbo wake. Hakuna anayehesabu silabi. Kwa maana finyu, shairi ni umbo moja mahususi: ubeti wa mishororo minne, kila mshororo mizani (yaani silabi) 16, vina katikati na mwisho. Ndilo umbo ambalo Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alilitumia kuzungumzia siasa za mji wake, mapenzi na njaa. Kwa kipimo hicho, utungo ambao Mwana Kupona wa Pate alimwachia binti yake mwaka 1858 ni utenzi, kwa kuwa mshororo wake una mizani nane tu.

Mizani huhesabiwa kwa masikio. Chukua mshororo uliotungwa kwa ajili ya ukurasa huu: "Nimekwenda Kariako, samaki nikamkosa." Hesabu kipande cha kwanza, ukwapi: ni-me-kwe-nda-ka-ri-a-ko. Nane. Soko lenyewe ni Kariakoo, lakini o ya pili ingeleta mizani ya tisa, basi imekatwa. Ukataji huo huitwa inkisari. Katika utao, kipande cha pili, ile m ya "nikamkosa" imesimama peke yake bila irabu, na bado inahesabiwa: sa-ma-ki-ni-ka-m-ko-sa. Nane tena. Asiyeihesabu m hiyo atalalamika kuwa mshororo una upungufu, kumbe pungufu ni hesabu yake.

Sheikh Kaluta Amri Abedi aliziandika kanuni hizi katika kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi, na kwake utungo usioimbika haukuwa na maana. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani yenye tungo zisizofuata vina wala mizani. Ugomvi ukawaka. Wanamapokeo, watetezi wa kanuni za zamani, walisema tungo hizo si mashairi. Vijana wa chuo kikuu wakajibu kwamba vina na mizani ni vazi tu. Ukiusoma mjadala ule leo unaona kwamba, pamoja na hoja nzito za utamaduni, pande mbili zilikuwa zikitumia neno moja kwa vipimo viwili. Aliyesema "hili si shairi" alimaanisha lile jembamba. Aliyejibu "ni shairi" alimaanisha lile pana. Wote walikuwa na haki, na ndiyo maana hawakumalizana.

Lugha ilitafuta njia yake. Muyaka hakuhitaji kivumishi chochote. Shairi lilikuwa shairi. Siku hizi mwanafunzi wa sekondari akiulizwa aina ya shairi lililo mbele yake, huanza kwa kuchagua: shairi la arudhi, lile la vina na mizani, au shairi huru.